Bushi za Bastola ya Mama Kabira

Ujuaji wangu ulianza na birika la umeme. Nilipolitengeneza, nyumba nzima pale Muaither, huku kwa Waarabu, ikaanza kuniita muhandis, na mimi, dereva tu, nikaanza kuitika. Kwa hiyo bosi wangu, bibi mjane tuliyemwita Mama Kabira kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba, aliponiuliza kama najua bastola, nilimjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba najua sana. Haki ya nani, bastola pekee niliyowahi kuiona kwa karibu ilikuwa kiunoni mwa askari wa benki kule Nakuru.

Yake ilikuwa ya mashindano ya shabaha, ina kibali, na risasi zake zilikaa klabuni. Siku hizo ilikuwa ikimtetemekea mkononi, na wanawe walitaka aache. Yeye akashikilia kwamba mkono wake ni mzima, ni mpini unaocheza. Na kweli ulicheza: zile bushi ndogo za chuma zinazoshika skrubu za mpini zilikuwa zimelika meno. Wakakubaliana: bushi zibadilishwe, na bastola ikitetemeka tena, basi ni mkono, irudishwe klabuni na yeye aache kabisa. Mama Kabira akaagiza bushi mpya, akanikabidhi mimi, masikini.

Nilifanyia kazi mezani jikoni, yeye amekaa mbele yangu na kahawa yake. Bushi ya kwanza niliifungua kwa kisu cha kupakia siagi, kisu kikapinda. Ya pili iliruka ikaingia chini ya friji. Nikalala kifudifudi na shati langu jeupe la kazi, nikaipapasa weee, kumbe ni ile mbovu ya kutupwa. Mpishi, dada mmoja wa Uganda, alicheka hadi vitunguu vikaungua. Nikaingiza mpya ikiwa imeinama, nikailazimisha kwa nguvu zangu zote, ikakwama. Mama Kabira akanyoosha mkono, akairudisha nyuma taratibu, akanionyesha jinsi ya kuianzia kwa vidole. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nataka kufanya. Uongo mtupu.

Mwishowe zote zikakaa. Nikafunga mpini, nikautikisa, haukusogea hata kidogo. Nilivimba kichwa, acha tu.

Mwanawe mkubwa akaja akasimama mlangoni. Mama Kabira akaishika bastola, akaielekeza kwenye ukuta mtupu. Ikatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Nilikuwa nimefanya kazi safi kwa mara ya kwanza maishani, na nilitamani kufa niliposikia mwanawe ananiuliza kama mpini bado unacheza.

“Unacheza,” nikasema. “Sikukaza vizuri. Mimi si fundi, bosi.”

Mama Kabira alinitazama, kisha akautazama mkono wake. Akaiweka bastola mezani polepole.

“Amekaza vizuri sana,” akamwambia mwanawe. “Ipeleke klabuni.”