Watoto Wangu Walijua Naondoka Kabla Sijamwambia Mtu

Admin, tafadhali ficha jina langu. Isiolo ni mji mdogo, na wazazi wa darasa langu wako humu.

Nina miaka ishirini na sita, sijaolewa, nina diploma ya elimu ya watoto wadogo. Nafundisha chekechea upande wa Burat. Kwa watoto wangu wa PP2, darasa la mwisho kabla ya shule ya msingi, mimi ni mwalimu wa tatu. Wawili walionitangulia waliondoka mmoja baada ya mwingine, na siwalaumu. Kazi hii niliipenda kwa moyo wote. Lakini unashinda peke yako na watoto wanaolia kwa Kiborana, Kiturkana na Kimeru, unafuta kamasi, unawashika mkono mmoja mmoja wajue kushika penseli, na hakuna mtu mzima anayekuuliza siku imekuwaje. Kaka yangu hunicheka nikirudi: "Karibu mwalimu wa kuimba. Leo mmeimba wimbo gani?" Nacheka naye, kisha naingia chumbani nakaa kitandani bila hata kuvua viatu.

Hivi karibuni nilipigiwa simu kuhusu kazi ya ofisi Nanyuki, ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Nikakubali. Wananitarajia Jumatatu nisaini mkataba. Sikumwambia mtu, hata mama.

Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko, niliwakuta watoto nyuma ya tangi la maji wakicheza shule. Mwalimu alikuwa msichana nitakayemwita Nuria. Alikuwa na fimbo, na mfuko wa plastiki begani kama mkoba wangu. Alikuwa akiwagombeza wenzake kweli kweli: "Wewe, keti vizuri. Kwani hii ni boma ya mbuzi?" Hayo ni maneno yangu. Ghafla akaiweka fimbo chini, akalainisha sauti. "Haya watoto wangu wazuri, kaeni tu vile mnataka."

Wote wakasimama. Wakapanga foleni, wakampa mkono: "Kwaheri mwalimu." Hakuna aliyejifanya kulia. Mtoto mwingine akaokota fimbo, akasema, "Mimi ndio mwalimu mpya. Mnaitwa nani?"

Nikamwita Nuria kando. "Huyo mwalimu alikuwa anaenda wapi?"

"Anaenda tu."

"Na mlijuaje?"

Akaniangalia kama anayeulizwa rangi ya maziwa. "Si ameacha kutugombeza. Walimu wakitaka kuenda wanakuwanga wapole." Kisha akainamisha kichwa. "Hata wewe. Nilimwaga uji kwa kitabu yako, ukaniambia pole."

Ni kweli. Uji ule aliumwaga siku moja baada ya ile simu. Nilidhani nimekuwa mvumilivu. Kumbe moyo wangu ulikuwa umeshaondoka, na wao waliuona ukitoka.

Usiku huo sikulala. Asubuhi Nuria alichelewa kupanga viatu mlangoni, nami nikamgombeza kwa sauti hadi darasa zima likanyamaza. Alitabasamu. Akaenda kuketi, akamnong'oneza jirani yake, nikasikia vizuri: "Haendi."

Tangu hapo, kila siku Nuria hutafuta kosa. Huvunja penseli makusudi, husukuma mwenzake, halafu hugeuka kunitazama na kungoja. Namgombeza. Yeye hutulia, na darasa lote hutulia naye. Leo kamwaga uji tena, polepole, macho yake yakiwa usoni pangu. Nikamkemea, ingawa kwa watoto hawa ukali wangu ni ahadi, na sijui kama nitaitimiza.

Nikibaki, naogopa nitakauka kabisa na siku moja nitawachukia bure. Nikienda, najua watapanga foleni, watanipa mkono, na hakuna atakayelia.

Jumatatu iko karibu. Ninyi mnaosoma hapa, hasa mliowahi kufundisha wadogo, nielekezeni, niende au nibaki? Na kama ni kwenda, nishaurini pia hili: kesho Nuria akimwaga uji, nimwambie nini?