Niliporudi Kabla ya Kumaliza

Naikumbuka vizuri Jumamosi ile niliposimama mbele ya kijiji kizima, shati jeupe la rubani limepigwa pasi, nikawadanganya watu wote walionipenda. Sikutumia maneno mengi. Neno moja lilitosha. Kaa hapo, mwanangu, nikueleze, na usinikatize kunihurumia, maana sitaki huruma ya mtu. Nimerusha ndege miaka mingi kuliko umri wako, na bado neno lile likinijia nasikia masikio yakipata moto.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kwetu ni juu kidogo ya Chepilat, mahali ambapo chai imepandwa mpaka ukutani mwa choo. Nilikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chetu kwenda Marekani kusomea urubani, na jambo hilo halikupita kimya. Kuna waliosema baba yangu amerukwa na akili, ati anampeleka binti akaendeshe ndege na hata baiskeli hajui. Kweli, baiskeli nilikuwa sijui. Lakini wengi walisimama na baba: watu wa kanisa, majirani, akina mama tuliochuma chai pamoja. Nilipoondoka nilikuwa mtoto wao wote.

Huko nilisoma, na sioni haya kusema nilisoma vizuri. Nikapita leseni ya kwanza, nikapita ya pili. Ukabaki mtihani mmoja wa mwisho, wa ndege ya injini mbili, na bila huo hakuna kampuni ya abiria itakayokutazama mara mbili. Mtahini anakaa kando yako, mko juu, halafu anapunguza nguvu ya injini moja makusudi, kana kwamba imekufa, aone utafanya nini. Ndege inaanza kuvutwa upande wa ile iliyokufa. Unatakiwa ukanyage pedali ya upande wa injini iliyo hai, uinyooshe. Yeye aliua ya kushoto. Mimi nikakanyaga kushoto. Nilijua, mwanangu! Ungeniamsha usingizini uniulize, ningekujibu sawasawa. Lakini mguu ulienda wenyewe, ndege ikalala vibaya, na yule mzee akachukua usukani, akasema kwa upole tu, "Turudi chini."

Aliniandikia karatasi: nirudie sehemu ile ndani ya siku sitini, zikipita, mtihani wote uanze upya. Na viza yangu ilikuwa inaisha karibu siku hizo hizo, kwa hivyo kuanza upya kulikuwa sawa na kuambiwa kwaheri. Mtu mwenye akili timamu angebaki pale pale, afanye mazoezi wiki mbili, arudie, amalize. Mimi nilipanda ndege nikaja nyumbani. Unajua kwa nini? Kwa sababu tarehe ya sherehe ilikuwa imeshapangwa! Sisi watu wa huku tuna ugonjwa huo. Kamati ya mapokezi inaundwa kabla mtoto hajashika kalamu ya mtihani. Mzee Arap Rono, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameshamwalika chifu. Baba alikuwa ameshaenda mpaka Mulot kutafuta fahali. Barua aliyoniandikia ilikuwa na furaha mpaka kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. Nikajiambia, nitaenda, nitakula nao, halafu nitarudi haraka nimalize, nani atajua? Tikiti yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi.

Basi wakanipokea. Akina mama walianza kuimba tangu barabara kuu mpaka langoni. Nikavishwa sinendet, ule mmea tunaomvisha mtu aliyeshinda, ukaning'inia shingoni juu ya shati langu jeupe. Langoni alisimama Kogo, yaani nyanya yangu, mama yake baba, ameshika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, alichokiandaa mwenyewe. Kogo alikuwa na tabia yake. Hakumpa mtu aliyetoka safari maziwa yale kabla ya kumwuliza kuhusu kile alichokiendea. Ukitoka kumtafuta ng'ombe aliyepotea, anakuuliza kama umempata. Ni hapo tu ndipo kibuyu kinapokufikia. Akanishika mkono, watu wakasogea kusikiliza.

"Cherotich, umemaliza?"

"Nimemaliza, Kogo."

Nikanywa. Vigelegele vikapasuka. Baba yangu, mtu mkavu ambaye sikuwahi kumwona akilia, alitoa kitambaa akajifuta uso mbele ya chifu. Nami sitakuficha kitu: siku ile uongo ulikuwa mtamu. Nilikula nyama, nikapigwa picha na watoto wa shule, nikajibu maswali kuhusu mawingu kana kwamba nimeyazaa mimi.

Utamu uliisha Jumatatu. Chai haijui rubani; majani yakifika siku ya kuchumwa yanachumwa, kwa hivyo nilibeba kapu mgongoni nikaingia shambani na mama. Watu wakipita njiani wananiita, "Rubani! Leo umetua kwa chai?" Nami nacheka, nasema niko likizo. Lakini nitaondokaje tena? Mtu aliyemaliza anarudi Marekani kufanya nini? Kila sababu niliyoitunga ilihitaji sababu nyingine ya kuishikilia. Wiki moja ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikaingia. Zile siku sitini zilikuwa zinaisha nikichuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi.

Aliyenishika ni Kogo. Alikuwa ameketi mwisho wa shamba akichambua majani mabaya kutoka kapu la mama, mimi nikiwa mbele yake kidogo. Sikujua kwamba anatazama miguu yangu.

"Wewe," akasema, "tangu asubuhi unakanyaga ardhi kama mtu anayeua siafu. Mara huu, mara huu. Kuna nini?"

"Ni mazoezi tu, Kogo. Ya ndege."

Akaendelea kuchambua. Halafu akauliza bila kuinua uso, "Mazoezi ya kitu ulichomaliza?"

Mikono yangu ilisimama juu ya chai. Nikaketi palepale kwenye udongo nikamweleza yote, mtahini, mguu, karatasi, tikiti. Nilitarajia anikumbatie, nilikuwa mjukuu wake kipenzi. Thubutu! Alinitazama kwa macho makali mpaka nikatamani kujificha ndani ya kapu.

"Kuanguka hakujanikasirisha," akasema. "Watu wanaanguka. Lakini ulikunywa maziwa yangu na uongo mdomoni, na watu wakiangalia. Sasa nenda uutoe vilevile, watu wakiangalia. Usiniletee hapa kwa chai, mimi peke yangu, kama mtu anayenong'ona."

Jioni hiyo nikamwambia baba. Uso wake ulizimika. Hakunipiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alimwita Mzee Arap Rono, wakakaa sebuleni, nikaitwa. Wakaniambia kwa sauti ya watu waliokwisha kuamua kwamba mambo haya ni ya ndani. Nitulie. Baada ya mwaka mmoja au miwili nitajitafutia shule ya urubani Nairobi nimalizie huko polepole, na kijiji hakitajua kitu. "Mimi ni mzee wa kanisa," baba akasema. "Unataka niwaangalie watu na macho gani?" Arap Rono akaongeza, "Na chifu je? Chifu alikula hapa!"

Ebu fikiria, mwanangu. Leseni yangu ilikuwa inazikwa kwa sababu chifu alikula nyama.

Hapo ndipo kitu kiliponipanda kifuani. Nikasimama, jambo ambalo binti hafanyi wazee wakiwa bado wameketi, nikawaambia, "Baba, nakuheshimu. Lakini mguu uliokosea ni wangu, si wa chifu. Jumapili nitasema." Nikatoka nje.

Jumapili ikafika. Wakati wa matangazo kanisani nilipita mbele bila kuitwa, nimevaa lile shati jeupe makusudi, nikawasalimu, wakaitikia. Nikasema: "Siku ile niliulizwa kama nimemaliza nikasema ndiyo. Sikumaliza. Nilianguka mtihani wa mwisho. Kwa uongo wangu naomba mnisamehe, nyinyi wote, na Kogo wa kwanza. Kwa kuanguka siombi msamaha kwa mtu yeyote, kwa sababu nilianguka nikijaribu. Bado nina siku thelathini na kitu, na ninarudi kumaliza. Anayetaka kucheka acheke sasa, nikiwa hapa namsikia."

Kuna mmoja aliyecheka. Namjua, na tumeendelea kusalimiana vizuri tu. Baba aliinama akatazama viatu vyake. Arap Rono alitoka nje akajifanya anakohoa. Na mimi, mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege, nilisikia njaa, njaa halisi ya mtu mzima wa afya.

Nje ya kanisa mkono mmoja ulinishika nyuma. Alikuwa Mama Kibet, mjane wa ng'ambo ya mto. Mwanawe Kibet alikwenda kusoma ng'ambo miaka minne kabla yangu, naye alisindikizwa na kijiji kizima. Mwaka wa kwanza barua zilikuja. Kisha zikakatika, na watu wakaanza kusema ameoa mzungu, amesahau kwao, ana moyo wa jiwe. Mama Kibet hakuniuliza habari za ndege. Aliniuliza hivi: "Cherotich, wewe uliyeogopa, niambie. Inawezekana na wangu anaogopa tu?" Nikamwambia, "Inawezekana, mama." Akafikiri kidogo. "Basi ukimwona huko, mwambie arudi hivyo hivyo alivyo. Mimi sikumtuma mtihani. Mimi nilimzaa." Akaenda zake akishika Biblia yake.

Baba alininunia siku tatu. Ya nne, siku ya safari, alibeba sanduku langu mwenyewe mpaka barabarani. Tulipofika akalitua, akasafisha koo. "Injini ya kushoto ikizima," akasema, "unakanyaga wapi?"

"Kulia, baba."

"Haya. Ukanyage kulia." Akageuka akaondoka upesi, na nilimwona akitoa kile kitambaa.

Nilirudia mtihani zikiwa zimebaki siku tisa. Mtahini alikuwa yule yule, injini ikawa ile ile ya kushoto, nikakanyaga kulia kwa nguvu mpaka paja likaniuma. Nikapita. Niliporudi nyumbani sikumwambia mtu tarehe. Nilishuka, nikapanda kilima na sanduku langu, nikamkuta mama anapika, nikasema nimemaliza, na safari hii ilikuwa kweli. Baadaye nikapata kazi, nikapanda cheo mpaka nikakaa kiti cha kushoto, kiti cha rubani mkuu, na abiria nyuma yangu hawakujua kwamba binti huyu aliwahi kukanyaga vibaya. Wala haikuwahusu.

Lakini sikukuita uketi hapa ili nikuhesabie mafanikio yangu. Nimekuita kwa sababu ya Kibet.

Nilimtafuta kila nilipopata nafasi, nikaulizia kwa watu wa kwetu walio huko, sikumpata. Mama yake alizeeka akingoja. Tukamzika kando ya chai yake. Miezi mitano baadaye mwanamume mwenye mvi aligonga mlango wangu, amevaa koti zito lisilofaa jua letu. Nilimjua kwa macho, macho ya mama yake. Nikampa chai. Nikamwuliza, si kwa ukali, ni nini kilichomzuia miaka hiyo yote.

Akasema alianguka mitihani ya mwaka wa kwanza. Chuo kikamwondoa. Akapata kazi ya kuwatunza wazee wasiojiweza, kuwaosha, kuwalisha, kuwalaza. Kila mwaka alijiambia atarudi akishapata cheti kidogo cha kuonyesha, na kila mwaka ukawa mgumu zaidi kuliko uliopita.

Nikamwuliza, "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu," akasema.

Mwanangu, alikuwa ameosha wazee wa watu miaka ishirini na zaidi, na mama yake mwenyewe akaoshwa na majirani. Nilimpa ujumbe wa mama yake, neno kwa neno, kama alivyonipa mlangoni mwa kanisa. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia vile.

Kwa hivyo sikia nasaha yangu, na ukitaka ukasirike nayo, kasirika. Ukianguka, sema umeanguka, useme mapema, mdomo wako mwenyewe, kabla uongo haujapata mizizi. Usiombe radhi kwa kujaribu. Kamati ikikupangia tarehe, waambie wamle fahali wao bila wewe, umalize kwanza kazi yako. Na ikishindikana kabisa kumaliza, rudi nyumbani hivyo hivyo. Watacheka? Wacheke. Kicheko cha kijiji kinaisha kabla chai haijarudi kuchumwa, lakini mama yako hana miaka ya kukungoja uwe mtu wa kuonyesha. Mpigie simu leo. Usingoje kesho, usitafute maneno mazuri.

Mungu akupe mguu unaokanyaga upande ulio hai, na ukikosea akupe siku za kurudia. Akupe mdomo usioogopa kusema bado. Na siku utakaporudi, ukiwa na cheti au ukiwa na koti tu mgongoni, akukutanishe na aliyekuzaa angali anapumua.