Machozi ya Mwenzangu

Nilimwonea wivu mwenzangu kwa sababu alilia. Wengine huoneana wivu kwa vitenge, kwa waume, kwa nyumba za bati. Wangu ulikuwa wa machozi, na sioni haya kusema.

Ilikuwa miaka ya Zaire, kolera imeingia Kalemie. Wauguzi wawili tulishika banda moja la wagonjwa, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Aliyekufa kwa kolera hakuliliwa. Tulimwosha kwa klori, akazikwa haraka, ndugu wamezuiwa getini. Hakuna matanga, hakuna mkeka. Sisi tayari tulikuwa tunamfungia mwingine serumu, maji ya mshipani.

Siku moja akafa mvuvi aliyeletwa kutoka Kabimba. Mwenzangu akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akamlilia mtu asiyemjua kama mjane anavyomlilia mumewe. Alilia mpaka wagonjwa nao wakalia. Daktari mkuu akaja mbio, akamwinua kwa mikono yake mwenyewe.

“Huyu mama amechoka. Aende kwao Moba, apumuzike kule kwenye baridi.”

Kisha akanigeukia. “Wewe, Mama, uko mutu wa nguvu. Utashika pande zote mbili.”

Nguvu gani? Usingizi ulikuwa umenikimbia. Nyumbani nilinawa mikono mpaka ngozi ikabanduka, na kikombe kikianguka nilitetemeka mwili mzima. Lakini sikulia, basi hakuna aliyeniuliza. Yeye alisindikizwa hadi bandarini kwa mikate na samaki, mimi nikaongezewa ndoo. Nilimwaza amejifunika blanketi huko Moba, anakunywa maziwa ya moto, na roho iliniuma kweli kweli. Nilitaka kulala kama yeye. Nilitaka mtu aniinue.

Nikaamua nami nitalia. Mchana mmoja bibi mmoja alikata roho karibu na mlango. Nikafungua kitambaa, nikaketi sakafuni, nikanyoosha miguu. Nikangoja. Nilimtazama marehemu usoni, nikajaribu kuwakumbuka wote waliomtangulia. Wapi! Macho makavu kabisa. Daktari mkuu akaja na chupa ya serumu mkononi, akairuka miguu yangu, akaenda zake.

Papa, mzee wa usafi aliyekuwa akifagia, akasimama.

“Mama, unatafuta nini pale chini? Hereni?”

Hereni tulikatazwa kuvaa bandani. Masikio yangu yalikuwa matupu, angetazama angeona. Ningeweza kumwambia kwamba natafuta kulia. Lakini angenicheka, au angenihurumia, na huruma ya mtu mwenye fagio isingenifikisha Moba.

“Ee, Papa,” nikasema. “Njo hereni natafuta.”

Akaweka fagio chini, akapiga magoti kando yangu, mtu mzima yule, tukaitafuta pamoja chini ya vitanda.