Mteremko wa Kapele

Mhandisi wa barabara alieleza kwamba kwao Ulaya watu wazima, wenye akili timamu na watoto nyumbani, hupandishwa mlima wenye theluji kwa mashine, kisha huteremka kwa kuserereka juu ya mbao, halafu hupandishwa tena na kuserereka tena mpaka jua linazama. Marsiana aliweka birika la chai mezani akauliza swali moja.

"Na huko juu wanafuata nini?"

Mhandisi akasema hawafuati kitu. Wanapanda ili wateremke.

Marsiana alicheka mpaka akashika kiuno. Yeye alikuwa akipanda kilima cha Kapele tangu alipoolewa, mara na mtungi kichwani, mara na mtoto mgongoni, mara na mzigo wa kuni, na hakukumbuka siku hata moja aliyokipanda bila sababu. Hata sasa alikuwa na sababu, ingawa si ile iliyojulikana kwa meneja aliyemwajiri.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nane, na mjini Sumbawanga kila aliyekuwa na mdomo aliizungumzia Kapele. Mkoa ulikuwa bado mchanga. Wageni wa serikali walifika kutoka Dar es Salaam na mashati yao ya mikono mifupi, wakakutana na upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita, na semina ikageuka kuwa mkutano wa watu wanaotetemeka. Ndipo ikajengwa nyumba ya kupumzikia juu ya kilima, mahali ambapo ukisimama unaliona Bonde la Rukwa lote limelala chini yako. Sebuleni kulikuwa na meko ya ukutani yenye bomba la kutolea moshi. Nyuma kulikuwa na bafu la maji ya moto, yaliyochemshwa kwenye pipa kubwa juu ya matofali. Kulikuwa na banda la kutazamia bonde, lenye viti vya kukunja, na jenereta iliyowaka usiku kila ilipopata mafuta. Wenye nchi walijipongeza kwa haki kabisa, maana kujenga kitu mwaka ule, saruji ikiwa adimu kama sukari, hakukuwa kazi ndogo.

Marsiana ndiye aliyewasha moto. Moto wa meko, moto wa pipa, moto wa jikoni, yote mikono yake. Jambo ambalo wageni hawakulijua, na wengi hawakuuliza, ni kwamba pale sebuleni pao palikuwa nyumbani kwake.

Palikuwa nyumbani kwake mpaka mwaka wa Operesheni. Lori lilifika, paa la nyasi likaezuliwa, vyungu na kuku vikapakiwa, na watu wote wa Kapele wakashushwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya magari, upande wa mashariki wa kilima. Marsiana hakupiga kelele. Mashamba ya ulezi aliyopewa hayakuwa mabaya, zahanati ilikuwa karibu, na bintiye Silvana alikuwa ameshaolewa Kasense. Alikuwa na hofu moja tu, nayo ilimkosesha usingizi. Hofu hiyo ilimhusu Kornel.

Kornel alikuwa mumewe. Alivuka mpaka wa nchi kwenda migodi ya shaba ya Kitwe Silvana akiwa anatambaa. Alirudi mara mbili, na mara ya mwisho alileta redio na koti la mvua, akapalilia matuta, akaezeka nyumba upya, akaondoka. Baada ya hapo, kimya. Miaka ikapita. Majirani walisema amekufa, na Marsiana akajibu kwamba angekuwa amekufa angeletewa habari, kwa hiyo yu hai, kwa hiyo atarudi. Na akirudi angepita njia ileile aliyopita siku zote, njia ya miguu ya upande wa magharibi iliyopanda mgongoni mwa kilima moja kwa moja mpaka kwenye mti wa mfyulisi uliokuwa uani pao. Asingekigusa kijiji kipya. Angefika juu asikute mtu.

"Si atauliza watu?" wanawake wa kijijini walimwambia.

"Kornel?" alisema Marsiana. "Kornel haulizi njia ya kwenda kwake."

Kwa sababu hiyo, nyumba ya kupumzikia ilipotafuta wafanyakazi, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni. Meneja alikuwa Bwana Bashiri, mtoto wa wafanyabiashara wa Katandala, kijana mpole aliyevaa sweta mbili na bado akalalamika. Alipomsikia mama huyu akitaja kuni zipi hazitoi moshi, alimwandika palepale.

Basi kila asubuhi wenzake walipanda kwa barabara ya magari, na Marsiana akazunguka kilima chote ili apande kwa njia ya mgongoni. Walimwona mkaidi. Njia isiyokanyagwa haidumu Ufipa; mvua za msimu mmoja zikipita, nyasi huifunika, na mtu akija huapa kwamba hapakuwahi kuwa na njia. Marsiana aling'oa nyasi kwa mkono, akasukuma mawe pembeni kwa mguu. Kutoka dirisha la jikoni aliweza kuuona mfyulisi, kitu pekee cha nyumba yake kilichobaki, na chini ya mfyulisi aliweza kuona mahali ambapo kichwa cha mtu anayepanda kingetokeza kwanza. Aliosha vyombo akitazama hapo. Alimenya viazi akitazama hapo.

Mhandisi naye alikuwa akitafuta mteremko. Theluji Kapele haipo, alisema, lakini nyasi za kiangazi zinateleza vizuri tu, na fundi amekwisha kutengeneza mbao mbili za kuserereka zenye kingo zilizopinda. Kitakuwa kivutio ambacho hakipo mahali pengine nchini! Alizunguka kilima kizima. Mashariki kulikuwa na mawe, kaskazini genge la mwamba. Magharibi, mgongoni, ardhi ilishuka laini mpaka kwenye uwanda. Kilichoharibu ni mfereji mmoja tu katikati, uliochimbwa na miguu ya watu. Utafukiwa, utasawazishwa, na chini patawekwa uzio ili ng'ombe wasipande.

Marsiana alimfuata Bashiri ofisini mikono ikiwa bado na masizi.

"Bwana Bashiri, njia ile isifukiwe."

"Kwani nani anaipita, mama? Wageni wote wanakuja kwa barabara."

Akamweleza. Alimweleza yote, la Kitwe, la redio, la mfyulisi, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Bashiri alisikiliza huku akikunja na kukunjua mkono wa sweta lake. Aliahidi kuizungumzia njia hiyo kwenye kamati ya nyumba ya kupumzikia, na kwa kweli aliizungumzia. Kamati ikasema mteremko utafunguliwa Sabasaba na hakuna wa kuuahirisha.

"Nimejitahidi, mama yangu," alimwambia. "Jumatatu wanakuja na majembe."

"Mlichukua nyumba, nikanyamaza," alisema Marsiana. "Nyumba hujengwa nyingine. Njia mkiiua, mtu wangu atapita wapi?"

Bashiri akarudia kuukunja mkono wa sweta lake.

Jumamosi ya wiki hiyo, Marsiana akiwa jikoni, kofia ikatokeza chini ya mfyulisi. Kisha mabega, kisha mtu mzima na furushi. Kuni zilimtoka mikononi zikatawanyika sakafuni. Alitoka mbio, na kabla hajafika nusu ya ua alijua si Kornel. Mtu yule alikuwa mfupi, na kijana kuliko Kornel kwa miaka mingi.

Mgeni alikuwa amesimama anaitazama baraza kama mtu aliyeteremshwa kituo kisicho chake.

"Shikamoo mama. Natafuta kwa Kornel. Niliambiwa nifuate njia ya mgongoni mpaka kwenye mfyulisi, nyumba iko nyuma yake. Mfyulisi nimeuona. Lakini hii siyo nyumba niliyoambiwa."

"Marahaba. Ndiyo hii," alisema Marsiana. "Mimi ndiye mkewe. Mzima?"

"Mzima wa afya, mama."

Jina lake lilikuwa Zenon, mtu wa Matai, aliyefanya kazi shimo moja na Kornel na sasa alikuwa ameacha kazi, anarudi kwao kabisa. Alikuwa amevuka mpaka wa Kasesya, akapitiliza bila kufika kwao ili kwanza atimize ahadi. Marsiana alimketisha barazani. Zenon alisema aliyotumwa huku akitazama viatu vyake. Kornel ana mke kule. Wana watoto wanne, mkubwa yuko sekondari. Ana nyumba. Hatarudi.

"Amesema usimsubiri, mama. Amesema nikwambie mwenyewe, si kwa barua. Na amekuletea hili."

Lilikuwa blanketi, zito, la kijivu lenye mstari mwekundu.

Kwa muda kidogo Marsiana alitamani angeambiwa amekufa. Msiba una utaratibu wake, watu hukusanyika, mtu analia na kulishwa. Kisha alijionea aibu kwa kumtakia mtu kifo, na aibu ilipopita ikaja hasira, hasira ya kweli, ya asubuhi zote alizozunguka kilima kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa amelala kwake, mbali, na watoto wake. Zenon aliona akageuza uso.

Lakini mgeni alikuwa mgeni, na alikuwa ametembea. Marsiana aliwasha moto chini ya pipa, akamchemshia maji, akamwingiza kwenye bafu la wakubwa bila kumwomba mtu ruhusa. Bashiri alipita, akasikia mtu anajimwagia maji na kuimba kwa Kibemba, akamtazama Marsiana usoni. Alitaka kuuliza. Badala yake alisema, "Mpe na chai, mama. Sukari iko kabatini kwangu."

Jumatatu vibarua walikuja na majembe. Bashiri alijifungia ofisini kwa visingizio vya hesabu. Aliposikia sauti ya Marsiana nje alitoka akiwa tayari kwa ugomvi, akamkuta ameshika jembe lake mwenyewe, chini ya mfyulisi.

"Anzieni hapa," alikuwa akiwaambia. "Hapa ndipo palipochimbika zaidi."

Asubuhi hiyo alikuwa amepanda kwa barabara ya magari pamoja na wenzake.

Sabasaba ilifika na watu wakajaa kilimani. Kulikuwa na ngoma, hotuba, na wanafunzi waliosimama kwenye mstari mpaka mmoja akazimia kwa baridi. Utepe ulikatwa. Mhandisi aliketi kwenye ubao, akaserereka mpaka uwandani, akapunga mkono kutoka huko chini. Watu walishangilia. Kisha mwongoza sherehe akawaomba viongozi wajaribu, na viongozi wakatazamana, kila mmoja akikumbuka suti yake. Mmoja akasema mgongo unamsumbua. Mwingine akaanza kusifia mandhari.

Marsiana alitoka jikoni amebeba blanketi la kijivu. Alilikunja, akalitandika juu ya ubao wa pili, akaketi, akakaza khanga yake vizuri chini ya magoti.

"Mama Silvana, utaumia!" Bashiri alisema.

"Nisukume."

Alimsukuma. Njia ile ambayo kila asubuhi ilimtoa jasho ilipita chini yake kabla hajamaliza kupiga yowe. Mahali pa kupumzikia pakapita, na mahali alipokaa siku moja akimnyonyesha Silvana, pakapita. Ubao ulipinduka karibu na uzio, naye akabiringika kwenye nyasi. Pale chini, mbali na umati, alilia. Alilia kwa sauti, kilio alichokiweka miaka yote hiyo, huku nyasi zimemjaa kichwani na ngoma inasikika huko juu kama ya kijiji cha watu wengine. Mhandisi, aliyekuwa bado huko uwandani, alikuja mbio akihema, akadhani amevunjika mguu.

"Sijavunjika," alisema.

Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alilikung'uta blanketi, akalitupa begani, akaushika ubao kwa kamba yake, akaanza kupanda.

"Mama!" Mhandisi aliita nyuma yake, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Umesahau nini huko juu?"

Marsiana hakusimama.

"Sikusahau kitu," alisema. "Napanda niteremke."