Sijambo Thelathini na Nane

Kwa miaka ishirini na saba alipiga taipu mahakamani, na mtaa mzima ulimwita Nukta, kwa sababu hakuwahi kuacha sentensi bila kuitia nukta. Hakimu wake wa kwanza alimfundisha kanuni moja: andika alichosema shahidi, si unachokijua wewe. Akaitunza kama mboni ya jicho. Laiti angeisahau siku nne tu za maisha yake!

Alipostaafu alirudi nyumba ya wazazi wake, ya tatu kutoka ukuta wa kiwanda. Ya kwanza, iliyopakana na ukuta wenyewe, ilikuwa ya mdogo wake wa kike na mumewe, fundi baiskeli. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Tanuri likiwashwa, nguo kambani hupata vumbi la kijivu, na mate huwa na ladha ya msumari. Wenye utani walisema mtaa wao unapigwa risasi bila bunduki. Mdogo mtu alikohoa asubuhi na mchana, miguu ikamvimba, akawa anakaa akiwa ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Daktari alimwambia wazi: ahame, au moshi ukome. Ahamie wapi? Tumaini lake likabaki kwa moshi.

Ndipo wakazi wakapeleka malalamiko kwenye tume ya haki za binadamu, wakiomba tanuri lisimamishwe. Tume ikataka maelezo ya kila nyumba, na nani mwingine angeyaandika? Nukta alivaa miwani, akapita nyumba arobaini na sita kwa siku nne. Fomu ilianza hivi: "Eleza hali ya afya yako kwa sasa." Maneno hayo aliyaona makavu mno. Huingii kwa jirani yako ukaanza kumhoji kama umemkamata na kuku wa watu. Kwa hiyo akauliza kiungwana.

"Hujambo, jirani? Afya yako?"

"Sijambo, mama. Tunamshukuru Mungu."

Akaandika "Sijambo", akatia nukta. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Mzee mmoja seremala alikohoa mpaka akajishikiza mlangoni, akafuta machozi, kisha akasema, "Mie mzima kabisa, mwanangu, hofu kwenu huko." Hilo nalo likaandikwa. Maswali ya chini watu waliyajibu kwa mkato: kifua kidogo tu, tumbo la watoto tu, yatapita. Nani anapenda kutangaza maradhi yake mlangoni, tena mbele ya kalamu?

Kwa mdogo wake hata hakukaa.

"Andika sijambo, dada," alisema yule, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Una nyumba nyingi bado."

Tume ilisikiliza shauri katika ukumbi wa shule. Wakili wa kiwanda, mtu mpole wa sauti ya kubembeleza, hakubishana na mtu. Alisoma fomu, moja baada ya nyingine. Sijambo. Sijambo. Mzima. Mwanzoni watu walicheka. Ilipofika ya kumi na tano hakuna aliyecheka tena.

"Waheshimiwa," akasema, "nyumba thelathini na nane zimesema kwa vinywa vyao kwamba hazina jambo. Sasa sisi tumekuja kusikiliza jambo gani?"

Nukta alisimama bila kuruhusiwa. "Mheshimiwa, hiyo ni salamu! Hata anayekata roho husema hajambo!"

"Mama," mwenyekiti akamuuliza taratibu, "mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

Shauri likaahirishwa mpaka maelezo yaandikwe upya na watu wapimwe damu. Ahirisho hilo lilichukua miezi minane, na tanuri halikupumzika hata siku moja. Katika mwezi wa sita wa kusubiri walimzika mdogo wake. Watu walimwambia Nukta ni kazi ya Mungu, naye aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alijua kuna sehemu ya kazi ile iliyofanywa kwa mkono wake, tena kwa mwandiko mzuri.

Fomu mpya zilipokuja, alisoma swali kama lilivyo, neno kwa neno. Aliyejibu "sijambo" alikaliwa kitako mpaka aseme linalomsumbua. Nyumba ya ukutani aliiweka mwisho. Shemeji yake alikuwa barazani, gurudumu mapajani, akitafuta tundu la tyubu kwa vidole.

"Shemeji," akamuuliza bila kuinua macho, "ile mara ya kwanza, mke wangu alisema nini?"

Angeweza kusema amesahau. Nyumba arobaini na sita, nani angemlaumu?

"Alisema hajambo."

"Nawe ukaandika."

"Nikaandika."

"Kwani ulikuwa humsikii anavyokohoa?"

"Nilikuwa namsikia, shemeji. Hata nikiwa kitandani kwangu nilikuwa namsikia."

Fundi akaweka gurudumu chini, akamsogezea kigoda, akamwambia aandike: katika nyumba hii, anaishi mtu mmoja.