Firigisi ya Jogoo wa Mahafali

Bibi yangu huwa haonji mchuzi wa kuku anaoupika. Anainama juu ya sufuria, anauacha mvuke umpige usoni, anafumba macho kidogo, kisha anasema kama chumvi imetosha au haijatosha. Hakosei. Nilikua nikidhani hiyo ni karama, kama ya wale watu wanaojua mvua inakuja kwa sababu goti limewauma. Nilikuwa mtu mzima, nimebakiza wiki chache kuhitimu chuo kikuu, nilipofikiria kumuuliza kwa nini haonji kama watu wengine. Na swali hilo nisingelifikia kama nisingekuwa nimeacha nyama.

Hakuna daktari aliyeniambia niache, wala dhehebu. Nilikuwa nimezoea kuwauliza watu maswali, wahubiri, wahadhiri, mama yangu, na siku moja katika ukumbi wa kulia wa chuo nikajiuliza mwenyewe: huyu unayemla, ungeweza kumchinja? Likizo iliyofuata niliomba kisu nyumbani, nikamshika kuku, nikasimama naye muda mrefu mpaka mama akaninyang'anya vyote viwili. Nikaamua kwamba asiyeweza kuchinja hana haki ya kula alichochinja mwenzake. Huenda hoja hiyo ni dhaifu. Mama aliuona udhaifu wake papo hapo.

"Na ugali je? Umewahi kulima mahindi hata mstari mmoja?"

Sikuwa nimelima. Lakini nyama nayo sikuirudia.

Mjini Kakamega, katika chumba changu cha kupanga, jambo hilo halikunipa taabu. Taabu ilikuwa kwa bibi, mbele kidogo ya soko la Khayega, nilikokwenda Jumapili ya mwisho ya kila mwezi. Kwetu mgeni anapikiwa ingokho, kuku wa kienyeji, na mjukuu anayetoka mjini huhesabiwa mgeni hata kama ni mwendo wa pikipiki tu. Mara ya kwanza nilidanganya. Nilisema nina vidonda vya tumbo. Bibi aliniamini kabisa. Akanichemshia majani machungu ambayo jina lake sijalijua hadi leo, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza kikombe. Mwezi uliofuata kikombe kilikuwa kinaningoja mezani. Kwa miezi mitatu nilikunywa dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao, huku bibi akiwaeleza majirani jinsi ninavyoendelea kupona.

Na kwa kuwa mgonjwa wa tumbo halishwi kuku, alinipikia mboga.

Nilikuwa nimezila mboga hizo maisha yangu yote bila kuzitazama. Zilikuwa vitu vya kando ya nyama. Sasa zilipokaa pekee sahanini, nilianza kuuliza, na nikaanza kwenda na daftari. Mrenda unachanganywa na majani ya kunde, unachemshwa kwa musherekha, yale maji yanayochujwa polepole katika majivu ya maganda ya maharagwe. Isaka, yaani mgagani, inachemshwa, inatiwa maziwa, inalala, kesho inapashwa na kutiwa maziwa tena, hadi siku ya tatu.

"Kwa nini siku tatu, Kukhu?" niliuliza. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi kwetu.

"Ili uchungu uchoke."

"Ukichoka siku ya pili?"

"Onja siku ya pili basi, uandike kwa hiyo kitabu yako."

Nilionja siku ya pili, kwa kuwa nililala huko makusudi. Uchungu ulikuwa haujachoka.

Niligundua pia mahali nyama inapojificha. Maharagwe ya mama yalikuwa yakikaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Kunde za shangazi zilikuwa na unga wa omena, wale dagaa, ambao hakuna aliyewahi kuutaja, kwa sababu kwao huo ulikuwa kiungo tu. Nilirudi mjini nikajaribu kuvipika vyote upya. Musherekha sikuwa nao, nikatumia magadi ya dukani, na mrenda wangu ukatoka na povu na ladha ya sabuni ya kipande. Nilipomsimulia bibi, aliacha kuchambua mboga.

"Ulitia ngapi?"

"Kijiko kimoja."

"Cha chai?"

"Cha kupakulia."

"Mukhana wanje," akasema, binti yangu we, "hapo ulikuwa unafua. Hukuwa unapika."

Swali lililonikaa zaidi lilihusu uyoga, obwoba. Bibi hukausha kuku kwa moshi juu ya meko siku mbili kabla ya kumpika, na ladha ya ule mchuzi, ukiniuliza, zaidi ya nusu inatoka kwenye moshi. Je, uyoga ukipitishwa njia ileile, ukaushwe juu ya meko, uchemshwe polepole, utiwe karanga za kusaga na musherekha kidogo, utakuwa nini? Nilimletea uyoga kutoka sokoni nikamweleza jaribio langu. Nilitarajia anicheke. Aliutandaza kwenye ungo, akauinua juu ya moshi kama mtu anayefanya kazi ya kila siku.

"Hii si mpya," alisema baadaye. "Hii ndiyo ilikuwa ingokho yetu."

"Yenu akina nani?"

"Sisi wanawake."

Hapo ndipo nilipouliza juu ya kuonja, na hapo ndipo nikaambiwa. Wakati bibi anaolewa, mwanamke hakula kuku. Alimfuga, alimkimbiza, alimnyonyoa, alimpika, akampeleka mezani kwa mikono miwili, kisha akarudi jikoni kula mboga. Hata tone la mchuzi halikugusa ulimi wake. Ndiyo maana alijifunza kuipima chumvi kwa pua. Mchuzi ukienda bila chumvi, lawama ni zake, na kuonja, kosa ni lake.

"Walisema ukila itakuwaje?"

"Mama mkwe alisema nitakuwa mtu wa kutangatanga kama kuku. Mwingine akasema watoto wangu hawatasikianga mtu. Jirani naye akasema mambo ya ngozi. Kila niliyemuuliza alikuwa na yake. Nikajua hawajui."

Niliacha kuandika. Nilikuwa nimejifikiria miaka yote kuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kusema hivyo.

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda nyuma ya ghala na bawa moja. Nikakula. Nikangoja."

"Ukangoja nini?"

"Kuugua! Nikangoja siku tatu. Siku ya nne nikala shingo."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso. Mwiko wenyewe, alisema, haukuvunjwa siku moja; ulilika kidogo kidogo, kama kuku mwenyewe. Wanawake wakaanza na mabawa, wakafika miguuni, watoto wao wakakua hawajui kwamba kulikuwa na mwiko. Kilichobaki ni firigisi tu. Firigisi, imondo, bado ni ya mwanamume mwenye nyumba. Ilikuwa ya babu mpaka alipofariki, kisha ikawa ya baba mdogo, mdogo wake baba yangu, anayeishi katika boma hilohilo. Bibi ndiye anayeipasua, anaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, anaiosha. Hajawahi kuila.

"Yule jogoo mwekundu unamwona?" alisema, akinyoosha kidole uani. "Namlisha tangu mwaka jana. Ni wa mahafali yako. Na imondo yake ni yako. Nitakupa mbele ya watu wote, waone."

Nilimtazama jogoo. Jogoo hakunitazama.

Sasa niliona nilipojiingiza. Kama ningenyamaza na kula, ningekuwa nimevunja neno langu kwa ajili ya kipande cha nyama. Kama ningekataa mezani, firigisi ingerudi kwa baba mdogo kama siku zote, na watu wote ambao bibi aliwaita waone wangeona mwanamke wa kwanza aliyepewa akisema hataki. Nilikuwa na wiki tano za kufikiri. Nilizitumia kutofikiri.

Nilimwambia asubuhi ya sherehe yenyewe, jikoni, jogoo akiwa bado hai chini ya tenga. Nilikuwa nimekuja mapema na uyoga wangu, ndio kisingizio.

"Kukhu, mimi silanga nyama."

"Najua. Tumbo. Lakini umepona."

"Tumbo halikuwa na kitu."

Akakaa kwenye kigoda. "Na vile vidonda?"

"Havikuwepo."

"Na dawa yangu?"

"Nilikunywa yote."

"Ilikuwa chungu?"

"Sana."

"Vizuri."

Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akaniuliza, kwa mpangilio, kama karani:

"Nani amekukataza? Kanisa?"

"Hapana."

"Kuna mwanamume?"

"Hakuna, Kukhu."

"Basi nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Mimi nilikatazwa na watu," alisema. "Ilinichukua miaka kufika kwa hiyo sahani. Wewe umesomeshwa, unapewa kwa mkono, unajikataza mwenyewe. Nieleze, mimi sikusoma. Hiyo ni tofauti gani na ile ya mama mkwe?"

Nimeulizwa maswali na wahadhiri wenye shahada tatu. Hakuna aliyenikamata hivyo. Nilisema kwamba mama mkwe hakumruhusu kuchagua, na mimi nimechagua. Nilisema kwamba kesho nikiona nimekosea nitakula, na hakuna atakayenipiga. Nilisema kwamba nilishindwa kuchinja. Hilo la mwisho tu ndilo lililomfanya aniangalie.

"Ulijaribu?"

"Nilijaribu."

"Ukangoja?"

"Nikangoja. Mkono ulikataa."

Alisimama, akamwita baba mdogo aje na kisu. "Huyu jogoo anachinjwa," akaniambia akipita. "Si wako peke yako." Sikujua kama nimesamehewa. Nilibaki na sufuria yangu, nikisaga karanga, nikisikia nje kile ambacho sikutaka kukisikia.

Watu waliketi saa saba mchana. Baba mdogo alikuwa amepata habari, bila shaka kwa mama.

"Msomi, eti siku hizi unakula majani?"

"Nakula, Baba Mdogo."

"Na samaki?"

"Hapana."

"Na kumbikumbi je? Wale wana mabawa na miguu sita."

"Kumbikumbi sijaamua."

Meza nzima ilicheka, na ilistahili. Kumbikumbi wa kukaanga nawapenda sana, ndiyo maana uamuzi unachelewa.

Bibi aliingia na chakula mwenyewe. Obusuma, ule ugali wa mtama na muhogo, mrenda, kuku katika bakuli kubwa, uyoga wangu katika dogo. Mwisho akaja na kisahani cha bati chenye firigisi peke yake. Baba mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono, kwa mazoea tu, bila ubaya. Bibi akampita. Akaja hadi kwangu, akakishika kisahani kwa mikono miwili, jinsi alivyokuwa akiwapelekea wanaume maisha yake yote.

"Ya mahafali," alisema kwa sauti. "Huyu ndiye mwenye nyumba leo."

Hakunikonyeza. Hakunipa njia. Alinipa nilichoahidiwa, akasimama kusubiri, na nikaelewa kwamba asubuhi ile hakuwa amekasirika: alikuwa ameniachia niamue mwenyewe.

Nilipokea kwa mikono miwili.

"Ni yangu, Kukhu?"

"Ni yako."

"Yangu kabisa? Hata nikitaka kumpa mtu?"

"Mimi niko hapa," alisema baba mdogo, na watu wakacheka tena.

"Mwenye imondo humpa amtakaye," alisema bibi. "Babu yako alikuwa akimmegea rafiki yake."

Nilisimama, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikakiweka kisahani mbele yake. Mama aliacha kupakua. Bibi alikitazama kitu hicho alichokipasua na kukiosha mara zisizohesabika, akakigeuza kwa kidole, kama anayetafuta uchafu. Kisha akakitia chote mdomoni.

Alitafuna. Meno ya bibi si mengi, na kazi ilikuwa kubwa. Hakuna aliyegusa chakula. Baba mdogo aliinama mbele kama anayetazama penalti. Hatimaye bibi akameza, akanywa maji, akawatazama wanaume wa meza ile mmoja mmoja.

"Ni ngumu," alisema.

Akakitazama kisahani kitupu.

"Miaka yote hii, ni hii?"

"Mama, inatafunwa na meno ya upande," baba mdogo alijitetea. "Na ilikuwa imeiva?"

"Nimeipika mimi!"

Sijui kama watu walicheka kwa ajili ya maneno yake au kwa ajili ya sura ya baba mdogo, aliyeonekana kama mtu aliyelinda shamba ambalo halikuwa na kitu. Bibi hakucheka. Alikuwa bado anafikiri, akipitisha ulimi kwenye ufizi. Nilitaka sana kujua anachofikiri, nami nimezoea kuuliza, lakini safari hiyo nilinyamaza.

Baadaye alilivuta bakuli langu la uyoga. Hakuchukua kijiko. Aliinama juu yake, akauacha mvuke umpige usoni, akafumba macho.

"Chumvi," akasema. "Haijatosha."

Nilionja. Alikuwa sahihi. Nikaenda kuileta.