Bochaberi na Rimu za Ng'ambo

Ukitoka kiwanda cha majani ya chai cha Mogogosiek ukiteremka na barabara ya murram, banda la kwanza upande wa kushoto ni la muuza chumvi na sukari. La pili ni la Bochaberi. Hana kibao. Kuna tairi kuukuu imening'inizwa kwenye mlingoti, na chini yake mama mmoja ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, gurudumu la baiskeli liko mapajani mwake kama mtoto anayenyolewa.

Mimi ni mtu wa kutembea. Leo niko Siongiroi kwa mnada wa mbuzi, kesho kutwa niko Mulot, na nikipita Mogogosiek lazima nikae hapo kwa Bochaberi ninywe chai. Kwa hivyo haya mambo mengine niliyaona, mengine niliambiwa nikiwa nimeketi pale pale.

Bochaberi alizaliwa upande wa Kisii, karibu na Keroka. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli aliyezaa wasichana watupu, wanne, na badala ya kulalamika akamfundisha wa kwanza. Alipoolewa na Oyaro, wakaja huku Oyaro akachume majani kwenye shamba la kampuni. Huyo Oyaro ni mtu mzuri lakini mikono yake haijui kufunga hata nati. Baiskeli yake ikiharibika, mke ndiye alitengeneza. Majirani wakaona. Mwaka wa pili tayari kulikuwa na foleni.

Gurudumu likiisha kufungwa, Bochaberi hugonga kila spoku kwa kucha na kuinamisha sikio. Yenye sauti ya kulegea anaikaza. Kisha anahesabu kwa sauti, kwa Kikisii, bila kuruka hata moja. Nyuma arobaini, mbele thelathini na mbili. Baiskeli za Black Mamba zote ziko hivyo, kwa sababu nyuma ndiko mzigo hukaa. Hata Wakipsigis, wenyeji wa huku, wanaomletea kazi wamejua kuhesabu kwa Kikisii mpaka arobaini, na hapo ndipo Kikisii chao kinaishia.

Sasa, ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Miaka hiyo mlango wa bidhaa za nje ulikuwa umefunguliwa, maduka ya Kericho yamejaa vitu vya kila namna, bei rahisi, vinang'aa. Lakini spoku zake! Mtu anapanda mlima na magunia mawili ya majani mabichi kwenye karia, anasikia ta! Akifika juu, ta! tena. Zile nzuri zilikuwepo, lakini bei yake ilikuwa ya mwenye duka, si ya mwenye baiskeli.

Wakati huo kulikuwa na mzungu mmoja kijana, mwalimu wa kujitolea kwenye sekondari, aliyekuwa akitengenezewa baiskeli na Bochaberi. Siku ya kurudi kwao akamwachia kitabu kikubwa chenye picha. Duka la baiskeli la Uingereza, linalouza kwa barua. Kila kitu kimechorwa, kila kitu kina bei.

Kiingereza cha Bochaberi ni kidogo, kwa hivyo alimwita Mwalimu Caren wa shule ya msingi, ambaye hupita hapo akienda nyumbani. Wakakaa na kalamu. Caren akageuza pauni kuwa shilingi. Cheni ilikuwa nusu ya bei ya ile nzuri ya Kericho. Rimu mbili, nusu na kidogo. Spoku, usiniulize.

Habari ilifika kwa waendesha baiskeli kabla chai haijapoa. Hawa ni watu kumi na wawili wanaobeba majani na maziwa, na mdomo wao ni Hezekiah, Mkipsigis mwenye shamba la majani upande wa pili wa mto. Alikuja asubuhi, bahasha iko ndani ya koti. Malipo ya bonasi ya majani yalikuwa yametoka wiki hiyo.

"Chamgei, Mama Mosoti!" alimsalimu Bochaberi kwa Kikipsigis, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Chamgei mising, Hezekiah. Leo unacheka kabla ya kuketi, kuna nini?"

"Tumekusanya. Watu kumi na wawili. Chukua, uagize kila mtu rimu, spoku na cheni."

Bochaberi hakuigusa ile bahasha. Alifuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Hiyo rudisha."

"Nirudishe? Fundi, hujaona bei?"

"Nimeona bei. Mzigo sijauona. Wewe ukinunua ng'ombe Mulot unamfungua mdomo, unahesabu meno, unamtembeza. Huyu wa Uingereza nitamfungua mdomo namna gani?"

"Unaogopa maji ya bahari."

"Naogopa wewe, Hezekiah. Kitu kikija kibaya, huyo mzungu hatakuja kusimama hapa kwa banda langu apige kelele. Wewe utakuja."

Watu wakacheka, Hezekiah hakucheka sana. Akaondoka akisema wanawake wa Kisii wana kichwa kigumu kama mawe ya kwao.

Lakini Bochaberi hakuwa amekataa kuagiza. Alikataa kuagiza kwa pesa za wengine. Alikuwa na akiba ya mabati. Jiko lao lilikuwa la nyasi, na mnajua mvua ya huku: kila alasiri, na mara nyingine ya mawe. Mwaka mzima alikuwa anapika huku sufuria tatu ziko chini zikikinga matone. Hiyo akiba ndiyo aliamua kuitumia.

"Baba Mosoti," alimwambia mumewe, "nataka kujaribu mzigo mmoja tu. Ukipotea, tutanyeshewa mwaka mwingine. Ukifika vizuri, nitaagizia wote."

Oyaro aliangalia juu kwenye zile nyasi. "Mimi nimeshazoea kuoga nikikula," akasema. "Jaribu."

Kabla ya kutuma, Bochaberi alipanda gari mpaka posta ya Kericho, akauliza maswali yake. Mzigo kutoka ng'ambo unakuja kwa muda gani? Ushuru ni kiasi gani, na unapimwa kwa bei ya kitu peke yake au pamoja na nauli yake? Na ukipotea, ni nani wa kuulizwa? Akaambiwa. Ushuru ulipunguza ile faida, nauli ikaipunguza tena, lakini bado ilibaki kiasi cha kumfanya mtu atabasamu. Akalipia pia mzigo uandikishwe, usije kama mbuzi asiye na alama.

Halafu barua. Caren aliandika, Bochaberi akafunga. Alichukua spoku moja ya zamani, ile ya Uingereza halisi, akaiviringisha kwa katoni akaiweka ndani. Gololi mbili akaziweka kwenye kibiriti kitupu. "Maneno yanaweza kupotea njiani," alisema, "lakini chuma kitasema chenyewe."

Kwenye rimu, fomu ilikuwa na mahali pa kuandika ukubwa. Caren akaandika inchi ishirini na nane. Kulikuwa na mahali pengine, padogo, pa kuandika idadi ya mashimo ya spoku. Caren akauliza, "Hapa niandike nini?"

"Mashimo? Wacha tu. Nani huuliza ng'ombe ana miguu mingapi?"

Wakaacha wazi.

Ulipita mwezi, ukapita wa pili. Hezekiah alikuwa akipita na kuuliza kama meli imezama. Wa nne ndipo karatasi ya posta ilipokuja. Bochaberi akaenda, akalipa ushuru wake bila kubishana kwa sababu alikuwa anaujua, akarudi na boksi kubwa limefungwa kamba. Alilifungulia pale bandani, mchana, mbele ya kila mtu. Nami nilikuwepo siku hiyo.

Cheni ikatoka, nzito, imepakwa mafuta. Gololi zikatoka, sawa kabisa na zile za kibiriti. Spoku zikatoka, na ile ya zamani ikiwa katikati yao. Akazisimamisha pamoja, hakuna iliyopita nyingine hata kwa unywele. Watu wakapiga mluzi. Mwisho rimu mbili, zinang'aa mpaka unaona uso wako.

Bochaberi akaweka moja mapajani, akaanza kuhesabu kwa Kikisii. Sisi wote tukahesabu naye. Alipofika thelathini na sita mashimo yakaisha.

Akarudia. Thelathini na sita. Ile nyingine, thelathini na sita. Haifai nyuma, haifai mbele.

Kisha Hezekiah akasema, "Mama Mosoti, kumbe kwao ng'ombe ana miguu mitatu na nusu."

Alicheka kwanza Bochaberi mwenyewe. Akaweka ile rimu chini, akamwangalia. "Na zingekuwa ishirini na nne za namna hii leo, na pesa yako iko ndani, ungeweza kufanya mzaha huo?"

Hezekiah akavua kofia. "Hapana. Ningekuwa nimeshika jiwe."

Caren alitaka waandike barua, rimu zirudishwe. Wakapiga hesabu ya stempu. Kurudisha kungemeza rimu zote mbili na kuomba maji ya kushushia. Bochaberi akasema basi. Kosa lilikuwa lake, alisema. Pale alipotuma chuma, chuma kilijibu, na pale alipoacha wazi, wakajaza kwa desturi ya kwao.

Siku hiyo hiyo alimwita Hezekiah alete baiskeli yake. Akalifungua gurudumu la nyuma, rimu ile ile ya zamani, akaingiza spoku mpya arobaini, akaweka na cheni. "Hii ni ya majaribio," akasema. "Ukivunja hata moja kabla ya mvua ndefu kuisha, sitakudai."

Ilikuwa mvua ya kweli mwaka huo. Hezekiah alibeba magunia mawili, siku nyingine mawili na mtungi wa maziwa juu, akipanda ule mlima wa kiwanda kwenye matope. Mwezi wa sita alikuja mwenyewe, akageuza baiskeli magurudumu juu, akahesabu kwa Kikisii chake kibovu mpaka arobaini. Zote zilikuwepo. Akalipa bila kuombwa.

Mara ya pili barua ilitangulia pesa. Bochaberi alifunga karatasi ya kaki kuzunguka rimu ya Black Mamba, akatoboa kila shimo kwa msumari, akatuma huo ukanda mrefu na swali moja: mnazo? Jibu lilikuja kwa heshima. Za arobaini hawakuwa nazo tena.

"Vizuri," alisema Bochaberi. "Rimu tutanunua Kericho, tunazihesabu dukani kwa kidole. Spoku, cheni na gololi zitoke ng'ambo." Ndipo akanyoosha mkono, na Hezekiah akatoa bahasha ya watu kumi na wawili.

Ule mzigo ulifika mzima, na baada yake mwingine. Faida ya fundi kwa kila gurudumu haikuwa kubwa, lakini magurudumu yalikuwa mengi.

Nilipita mwaka uliofuata, alasiri, mvua ya mawe ikanipata mlangoni. Oyaro akanivuta ndani ya jiko. Ilikuwa inapiga mabati mapya kwa kelele, hatukusikizana. Juu, kwenye boriti, rimu mbili zimelala zikining'inia kwa waya, na kila shimo lina kamba ya mahindi ya mbegu, mbali na panya.

Niliinua kidole nikaanza kuhesabu. Bochaberi akanipa kikombe.

"Thelathini na sita, mzee," akaniambia kwa sauti ya juu. "Usijisumbue. Kunywa chai."